Pikapu Imeinuliwa Inchi Mbili, Sasa Inasumbua: Dalili, Sababu na Tiba za Shokapu na Springi

Mwongozo huu unahusu pikapu iliyoinuliwa kidogo, milimita 40 hadi 50, ile inayoitwa madukani "inchi mbili". Gari linalozungumziwa zaidi ni Toyota Hilux ya kuanzia 2005, yenye strati (shokapu iliyozungukwa na koili, springi ya mzunguko) mbele na springi za bapa nyuma, yaani vile vyuma vilivyopangana juu ya ekseli. Ford Ranger, Isuzu D-Max na Mitsubishi L200 za miaka ya karibuni zina mpangilio wa namna hiyohiyo mbele, kwa hiyo dalili zinafanana. Land Cruiser 79 ina ekseli nzima mbele, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili; itatajwa pale inapokuwa na tabia yake.

Springi ndiyo inayobeba uzito na kuamua kimo cha gari. Shokapu haibebi kitu. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya kugongwa na barabara. Malalamiko mengi yanaanzia hapo. Mtu kanunua springi kwa kuangalia kimo bila kuuliza uzito, gari likaanza kudunda, akarudi dukani kutafuta shokapu ngumu zaidi ili kuficha kosa la springi. Sasa ana matatizo mawili.

Pima kwanza, spana baadaye

Egesha mahali palipo sawa kweli. Zege la kituo cha mafuta mara nyingi linatosha. Jaza upepo sawasawa, tangi liwe nusu, vitu visivyo vya kudumu vitoke. Pima kwa utepe kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi ulio wima juu yake, pande zote nne. Usipimie chini kwenye sakafu, maana tairi kubwa au lenye upepo pungufu litakudanganya. Andika namba hizo nne. Pakia mzigo wako wa kawaida, pima tena.

Kisha orodhesha vitu vinavyokaa kwenye gari siku zote. Ngao ya chuma ya mbele ina kilo 40 hadi 70. Winchi na waya wake huongeza 30 hadi 45. Nyuma kuna kanopi, keria, tangi la pili la mafuta, sanduku la vifaa. Ukiweza, pita kwenye mizani ya magari: ekseli ya mbele peke yake, halafu ya nyuma peke yake. Hakuna kipimo kingine kinachookoa pesa nyingi kama hiki.

Kwa nini uzito wa kudumu una maana kubwa hivi? Chukua mfano. Tuseme ngao imeongeza kilo 74 kwenye ekseli ya mbele, yaani 37 kila upande, sawa na nyutoni 363. Strati haikai kwenye gurudumu. Imeshika katikati ya mkono wa chini, ule unaounganisha gurudumu na chesisi, kwa hiyo koili inahisi nguvu kubwa zaidi. Tukichukua uwiano wa 0.55, yaani strati inasogea milimita 0.55 kwa kila milimita ya gurudumu, koili inapata nyutoni 660. Koili yenye ugumu wa nyutoni 105 kwa milimita itajibana milimita 6.3, na kwenye gurudumu huo ni mshuko wa milimita 11 hivi. Ongeza winchi, karibu nusu ya kimo ulichonunua imeondoka. Ndiyo maana watengenezaji wazuri huuza koili za mbele kwa madaraja: bila ngao, yenye ngao, yenye ngao na winchi. Za nyuma pia zina madaraja: tupu au mzigo mdogo, kilo 300 za kudumu, kilo 500 za kudumu. Neno zito hapo ni "za kudumu". Mkaa unaobebwa mara moja kwa mwezi hauhesabiwi.

Dalili: Ngumu, inadunda nyuma ikiwa tupu

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na sababu zake kwa mpangilio wa kutokea ni hizi.

Upepo wa tairi. Watu hujaza psi 45 kwa ajili ya mzigo halafu wanarudi tupu. Kwa pikapu tupu, soma kibandiko cha mlango wa dereva, jaza kama kilivyoandikwa, endesha siku mbili kabla ya kulaumu kitu kingine. Haigharimu chochote.

Springi za daraja lisilo lako. Springi za nyuma za kilo 300 za kudumu, zikikaa chini ya bodi tupu, hazijibani vya kutosha. Gari litakaa juu kuliko ulivyoahidiwa, labda milimita 70 au 80 badala ya 50. Linganisha vipimo vyako vya kabla na baada: nyuma ikiwa imepanda zaidi ya iliyotajwa kwenye seti, springi ni nzito mno kwa kazi yako. Seti nyingine zina bapa la mwisho linaloweza kutolewa. Fundi akilitoa, weka senta boliti (ile inayoyashika mabapa pamoja katikati) mpya ya urefu unaofaa. Kama haziwezi kupunguzwa, dawa ni kubadilisha daraja. Shokapu laini haitasaidia.

Bushi zilizokazwa gari likiwa hewani. Kosa hili ni la kawaida sana gereji, na tiba yake ni ya bure. Bushi ya mpira imeshikamana na chuma cha ndani na cha nje; gari linapocheza, mpira unajisokota. Ukikaza boliti zake wakati magurudumu yananing'inia, mpira unaanza kazi ukiwa umeshajisokota. Gari linakaa juu kidogo kuliko kawaida, linakuwa gumu, na bushi zinachanika mapema. Shusha gari likae kwa magurudumu yake, legeza nati za pini za springi na za shakeli (kiungo kinachobembea, kinachoshika ncha ya nyuma ya springi kwenye chesisi), na kwa mbele boliti za mikono ya chini. Sukuma gari juu chini mara kadhaa, kisha kaza hapohapo likiwa limesimama, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kwa mbele, chora alama kwa rangi kabla ya kulegeza, maana boliti zile ndizo zinazopanga alaimenti, yaani pembe za magurudumu.

Shakeli iliyosimama vibaya. Springi yenye mpinde mkubwa ni fupi kutoka jicho hadi jicho, hivyo inaivuta shakeli mbele. Itazame kutoka ubavuni. Gari likiwa tupu, shakeli iegemee nyuma kidogo, chini yake ikiwa nyuma kuliko juu yake. Ikiwa wima kabisa au imeegemea mbele, springi haina nafasi ya kurefuka inapobanwa, na kwenye shimo kubwa shakeli inaweza kugeuka ikabana kwenye chesisi. Usiendelee kuendesha namna hiyo.

Shokapu zenyewe. Zimewekwa mwisho kwa makusudi. Zikiwa ngumu mno upande wa kurudi, gari haliruki, linakaa chini. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, shokapu haiachii springi irudi kabla ya wimbi linalofuata, na nyuma inazama kidogo kidogo mpaka inagonga raba ya kugotea. Mtu anahisi ugumu na kudhani ni springi. Njia ya kujua: paka chokaa kwenye raba za kugotea, endesha kilomita tano za mawimbi, angalia kama chokaa imefutika wakati gari halikubeba kitu.

Kwa pikapu za zamani zenye toshenibaa mbele (fimbo ya chuma inayojisokota badala ya koili), Hilux za kabla ya 2005 na D-Max za kabla ya 2012, ugumu unatoka kwingine. Kuzungusha boliti ya toshenibaa hakuiongezei ugumu wowote. Kunakula nafasi ya gurudumu kushuka. Gari linapanda, halafu kila shimo linakuwa pigo la chuma kwa chuma. Milimita 25 hadi 30 ni mwisho wa busara kwa njia hiyo.

Dalili: "Ko!" gari likishuka tuta

Pigo linasikika gurudumu linaposhuka, siyo linapopanda. Tofauti hii ni muhimu. Endesha polepole, kilomita 15 kwa saa, juu ya tuta kubwa, dirisha likiwa wazi. Mlio ukija baada ya gurudumu kuvuka kilele, shokapu imenyooka hadi mwisho na pistoni inagonga kifuniko kutoka ndani.

Nyuma, sababu ya kwanza ni shokapu za kiwandani zilizoachwa baada ya kuinua. Tuseme shokapu ina milimita 350 ikibanwa kabisa na 560 ikinyooshwa, na gari likisimama ilikuwa 455, katikati kabisa. Ukiinua milimita 50 inasimama kwenye 505. Imebaki milimita 55 tu za kushuka, na barabara ya mashimo inadai zaidi ya hapo. Kupima ni rahisi: ondoa boliti ya chini ya shokapu gari likiwa kwenye stendi imara, ekseli ikishikiliwa na jeki, kisha shusha ekseli taratibu hadi springi inyooke, huku ukitazama mipira ya breki isivutike. Pima kutoka pini hadi pini. Shokapu unayonunua inyooke kupita kipimo hicho kwa milimita 10 au 15. Ikibanwa kabisa, iwe fupi kuliko nafasi iliyopo raba ya kugotea inapokuwa imebanwa. Vipimo vyote viwili. Shokapu ndefu mno inagota ndani kabla ya raba, na hiyo inakufa ndani ya wiki.

Mbele, sababu ya kawaida ni vipande vya kunyanyulia vilivyowekwa juu ya strati ya kiwandani. Kwa sababu ya uwiano ule wa mkono wa chini, kipande cha milimita 25 kinainua gurudumu karibu mara mbili ya hapo. Strati haijarefuka ndani. Imesogezwa chini, na mikono imepelekwa karibu na mwisho wake wa kushuka. Mkono wa juu unaweza kugusa koili. Tazama koili kwa tochi: rangi iliyokwanguka mahali pamoja inasema yote. Ukiwa na vipande vya milimita 25, rudi kwenye 15, au nunua strati iliyotengenezwa kwa kimo hicho.

Nati ya juu ya strati iliyolegea nayo inatoa mlio unaofanana, lakini hiyo inagonga kwenye changarawe ndogo pia, kwa mwendo wowote. Mwenzio atikise usukani gari likiwa limesimama, wewe weka kiganja juu ya strati chini ya boneti. Utaihisi.

*Simama hapa:* kufungua strati ili kubadilisha koili kunahitaji mashine ya kubania yenye kufuli. Koili ya pikapu iliyobanwa inashikilia nguvu ya kuua mtu. Klempu mbili za ndoano kutoka sokoni zinateleza kwenye koili nene, na fundi anayefungua nati ya katikati huku mwenzake amekalia strati hapaswi kuachiwa gari lako. Mpelekee anayemiliki mashine, au nunua strati iliyokwisha kuunganishwa.

Dalili: Usukani haurudi, gari linapepea kwa kasi

Ukiinua mbele, pembe zote tatu za alaimenti zinahama: magurudumu yanabadili mwelekeo wa ndani au nje, yanainama, na kasta (mwegemeo wa nyuma wa mhimili ambao gurudumu linageukia) inapungua. Kasta ndiyo inayorudisha usukani katikati. Ikipungua, gari linakuwa jepesi mkononi kwa kilomita 100 kwa saa na linahitaji kusahihishwa kila mara.

Anza na upepo wa matairi, kisha tairodi endi (ncha za fimbo za usukani) na bolijointi (viungo vya mpira wa chuma vya mikono): inua gurudumu, shika saa tatu na saa tisa, tikisa, halafu saa kumi na mbili na saa sita. Mchezo wowote unarekebishwa kabla ya alaimenti, vinginevyo pesa ya alaimenti imepotea.

Halafu alaimenti yenyewe, kwenye mashine inayosoma kasta. Sehemu nyingi za mitaani zinapanga mwelekeo wa ndani na nje peke yake, kwa kuzungusha tairodi, na kukuambia kazi imekwisha. Hilux ina boliti za kamu, zenye kichwa kisicho katikati kinachosogeza mkono zikizungushwa, kwenye mikono ya chini. Hizo ndizo zinazopanga kuinama na kasta pamoja. Mwombe fundi karatasi yenye namba za kabla na baada, kushoto na kulia. Kwa milimita 40 boliti za kamu kwa kawaida zinatosha kurudisha pembe kwenye kiwango. Ukiwa juu ya 50 na kamu zimefika mwisho, unahitaji mikono ya juu iliyotengenezwa kwa gari lililoinuliwa. Koili mpya hulala kidogo, kwa hiyo rudia baada ya kilomita 1,000.

Land Cruiser 79 haina kamu. Kasta yake inarekebishwa kwa bushi maalumu zenye tundu lisilo katikati, au kwa mikono iliyobadilishwa. Na ile fimbo ya pembeni inayoishika ekseli dhidi ya chesisi inaivuta ekseli upande mmoja gari likipanda. Ukiona tairi la upande mmoja limetokeza zaidi kwenye madigadi, ndiyo sababu. Dawa ni fimbo inayorekebishika urefu.

Usukani ukitetemeka kwa nguvu kiasi cha kukunyima mamlaka ya gari, hasa kwenye 79 baada ya kugonga kishimo, punguza mwendo taratibu, toka barabarani, liite gari la kuvuta. Hilo halisubiri Jumatatu.

Dalili: Limeinama upande mmoja

Rudi kwenye namba zako nne. Tofauti ya hadi milimita 10 kati ya kushoto na kulia ni ya kawaida hata kwa gari jipya, na jicho halitaiona bila utepe. Zaidi ya hapo, kagua kwa mpangilio: sakafu (geuza gari, pima tena), tangi na sanduku la vifaa viko upande gani, bushi zilizokazwa hewani.

Kisha angalia alama za koili. Seti nyingi zina koili mbili zisizolingana, moja ndefu kidogo kwa upande wa dereva. Seti zinazotoka Australia au Thailand zimetengenezwa kwa usukani wa kulia, sawa na Tanzania, Kenya na Uganda. Iliyokusudiwa masoko ya Ghuba au Marekani imepangwa kinyume. Fundi akifuata maandishi ya kushoto na kulia bila kufikiri, gari linalala upande wa dereva. Kwa walio Kigali, Bujumbura au Bukavu, ambako magari yanapita kulia lakini usukani unaweza kuwa upande wowote, fuata dereva anapokaa, usifuate upande wa barabara.

Kwa springi za bapa, hamisha ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Mwinamo ukihama, springi ndiyo mbaya. Usipohama, tafuta chesisi au mabano yaliyopinda, na hiyo ni kazi ya mtu mwenye vipimo vya chesisi.

Kipande cha milimita tano juu ya strati iliyolala kinakubalika. Zile raba zinazochomekwa kati ya mizunguko ya koili, zinazouzwa hata kwenye taa za barabarani, hazikubaliki: zinauzuia mzunguko mmoja usifanye kazi, mingine inabeba zaidi, na koili inavunjika jirani na raba. Vivyo hivyo kupasha koili moto ili ipande au ishuke. Chuma cha springi kilichopashwa bila vipimo kimepoteza ukakamavu wake hata kama kwa macho kimekaa vizuri.

Dalili: Mtetemo baada ya kuinua

Uliza unatokea lini.

Kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa, ukanyage mafuta au uache: matairi. Peleka kwenye balansi.

Unapoondoka tu, 10 hadi 40, zaidi ukiwa na mzigo au kwenye kilima: propela, shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli ya nyuma. Pikapu ndefu zina propela ya vipande viwili yenye senta beringi katikati. Nyuma ikipanda, pembe ya kipande cha pili inakuwa kali kuliko ya kwanza. Kushusha senta beringi kwa vipande vya milimita chache chini ya mabano yake kwa kawaida kunamaliza. Anza na 5, jaribu, usiruke hadi 15. Wakati huohuo shika propela kwa mkono gari likiwa limezimwa na limewekewa vizuizi, itikise: msalaba (kiungo cha propela) wenye mchezo unabadilishwa kwanza.

Mtetemo mbele unapokanyaga mafuta kwa nguvu, pamoja na grisi iliyotapakaa ndani ya rimu: mpira unaofunika sivi jointi, kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu la mbele, umepasuka. Pembe ya draivu shafti imeongezeka na mikunjo ya mpira inasuguana. Ukiuona mapema, kabla mchanga haujaingia, mpira mpya na grisi vinatosha. Vipande vya kushusha difu ya mbele (sanduku la gia linalozungusha shafti hizo) kwa milimita 20 hadi 25 vinapunguza pembe. Kwa kimo cha milimita 40 si lazima, kwa 50 ni vyema.

Dalili: Shokapu mpya inavuja au imekufa mapema

Tofautisha jasho na uvujaji. Utando mwembamba wa mafuta wenye vumbi karibu na sili ni kawaida. Mafuta yanayotiririka mpaka jicho la chini si kawaida.

Njia ya kujua iliyokufa: endesha nusu saa kwenye barabara mbaya, simama, sogeza kiganja karibu na kila shokapu bila kuishika, maana ya kazi nzito inaweza kukuunguza. Inayofanya kazi ina joto. Iliyo baridi kati ya wenzake wa moto imekufa. Kusukuma bampa na kuhesabu midundo kunakamata zile zilizokwisha kabisa tu.

Kinachoziua zaidi ni urefu usiofaa, uliokwisha kuelezwa: ikigota ndani, sili au vali inapasuka. Angalia raba za kugotea. Zikiwa zimeng'oka, hakuna kinachoizuia shokapu. Cha pili ni joto la mawimbi ya barabara ya vumbi. Pistoni inakwenda na kurudi mara nyingi kwa sekunde, mafuta yanachemka, yanatoa povu, nguvu inapotea, dereva anadhani barabara imekuwa mbaya zaidi. Kama safari zako ni za aina hiyo, chagua shokapu yenye mwili mpana na gesi ya naitrojeni. Ya bomba moja hupoa haraka lakini bomba lake likibonyezwa na jiwe imekwisha. Ya mabomba mawili hustahimili kubonyezwa, ila joto linakaa ndani. Kwa mwenye mashamba yenye mawe, mabomba mawili. Na punguza upepo wa matairi kwenye mawimbi, mfano kutoka psi 35 hadi 28, pamoja na mwendo. Tairi litachukua sehemu ya kazi. Rudisha upepo kabla ya lami.

Cha tatu, springi ngumu kuliko uwezo wa shokapu. Springi ya kilo 500 na shokapu ya kiwandani haviendani. Inarudi kwa nguvu kuliko shokapu inavyoweza kuishika. Nunua vyote viwili kwa daraja moja.

Usitoboe, usichomelee wala usichome moto shokapu yenye gesi, hata iliyokufa.

Dalili: Inalala ikipakiwa

Nyuma ya pikapu tupu kuwa juu kuliko mbele kwa milimita 20 hadi 40 ni sawa. Hiyo ndiyo nafasi ya mzigo. Ikipakiwa mzigo wa halali na bado pua inatazama juu, kagua kama kuna bapa lililovunjika, hasa karibu na senta boliti ambako ufa hujificha chini ya yuboliti, boliti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Kisha daraja la springi. Kuongeza bapa moja kunasaidia kama lina mpinde na unene unaoendana na mengine. Bapa lililookotwa kutoka lori linafanya mengine yakae bure na lenyewe kuvunjika.

Springi nzito haiongezi uzito unaoruhusiwa. Ekseli, beringi za magurudumu, breki na chesisi ni zilezile. Gari lisilolala likiwa limezidishiwa mzigo ni hatari kuliko linalolala, kwa sababu halikuonyi.

Yuboliti zilizofunguliwa hazirudishwi, zimekwisha kunyooka. Weka mpya, kaza kwa mkingamo kidogo kidogo, rudia kipimo baada ya kilomita 100 na tena kati ya 500 na 1,000. Zikilegea, senta boliti inakatika na ekseli inarudi nyuma upande mmoja.

Dalili: Breki zimebadilika

Hapa usijaribujaribu. Matoleo mengi ya Hilux yana vali nyuma inayosoma mzigo kwa fimbo iliyounganishwa na ekseli. Gari likipanda, fimbo inashuka, vali inadhani bodi ni tupu kuliko ilivyo, inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Pua inazama sana ukikanyaga na pedi za mbele zinaisha haraka. Seti nzuri ina bano la kuinua mahali fimbo inaposhika. Kama yako haina, litengenezwe, na marekebisho yake yafanywe na fundi wa breki mwenye geji ya presha.

Mpira wa breki wa nyuma unaotoka kwenye chesisi hadi ekseli ukague magurudumu yakining'inia: lazima ubaki na mlegezo. Mbele, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili huku gurudumu likining'inia, ukitazama mpira wa breki na waya wa ABS. Ukikuta mpira umenyooka kama kamba ya nguo, umekwaruzwa, au pedali imekuwa laini, gari halitoki hapo kwa magurudumu yake.